Hodi ya Tatu

Nilichinja jogoo siku ile kwa sababu ya neno moja.

Muuguzi alitoka wodini na karatasi mkononi, akasema, "Mzee Mahadhi, mgonjwa wako ameruhusiwa," nami nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka waliokaa kwenye benchi wakageuka kunitazama. Kwangu mimi, mtu haruhusiwi kwenda zake mpaka kazi imekwisha. Miaka arobaini na mmoja nimefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, na huko msimamizi akikuruhusu ina maana chumvi imekusanywa, imerundikwa, na hakuna cha kubeba tena. Nikadhani maradhi nayo yamekwisha kubebwa.

Nikamrudisha Batuli nyumbani kwetu Mambrui. Nikamkimbiza jogoo mwekundu aliyekuwa akitembea uani kama mwenye hati ya nyumba, nikamchinja, nikapeleka sahani kwa jirani wa kulia na wa kushoto. Binti yetu Tasneem, aliyekuwa amekuja kutoka kwa mumewe kule Shella kumuuguza mamake, alipika wali wa nazi. Batuli alikula vijiko viwili. Kisha akaegemea mto, akanitazama nikitafuna paja.

"Kula, Ng'onda wangu," akasema. "Kula nikuone."

Alikuwa anajua. Yeye alimaliza darasa la saba. Mimi nilitolewa la pili, siku baba aliponikabidhi beleshi refu kunishinda. Karatasi ile aliisoma garini, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso yake, wala hakusema neno mpaka jogoo wa watu akaliwa akaisha.

Jina hilo la Ng'onda alinipa mwezi wa kwanza wa ndoa yetu. Nilikuwa nikirudi alasiri, shati limekauka kama ubao, nyusi nyeupe, miguu imepasuka magaga mpaka yanatoa damu. Yeye ananingoja na beseni la maji ya uvuguvugu. Aliniosha miguu hiyo, akaipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, taratibu, kidole baada ya kidole, kama mtu anayehesabu tasbihi. Siku moja nilikuwa nimesimama nje ya mlango nikamsikia akiwaambia mashoga zake waliokuja kusuka ukili: "Nyinyi mmeolewa na waume. Mimi nimeolewa na ng'onda. Amekwisha pasuliwa, amekwisha tiwa chumvi, amekwisha anikwa juani. Lililobaki ni kumpasha moto tu." Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, nami nikarudi zangu msikitini ingawa adhana ilikuwa bado, maana sikujua ningeingia na uso gani.

Ndivyo alivyokuwa. Ulimi wake ulikuwa na ndimu na asali, na hujui leo utapakwa kipi. Alhamisi jioni alitunga asumini. Chumba kikanukia mpaka Jumamosi, na mimi kazini nikiinua mkono kufuta jasho, nikaipata harufu ile kwenye kikwapa cha shati, katikati ya chumvi yote ile nyeupe isiyo na harufu ya kitu chochote. Miaka ishirini na tisa niliishi hivyo. Sikujua kama ile ndiyo iliyokuwa dunia yenyewe. Nilidhani dunia bado inakuja.

Aliyenieleza maana ya neno lile ni Sanga, mhudumu wa afya wa kijiji. Lakini kwanza tuligombana.

Sanga ni mtu wa mashambani, nyuma ya barabara kuu. Kwao boma liko wazi. Unamwona mwenyeji na mwenyeji anakuona, salamu zinaanza ukiwa bado mbali. Kwetu Mambrui nyumba ina mlango, ukumbi na pazia, na nyuma ya pazia kuna mke wa mtu. Unapiga hodi. Ukinyamaziwa unangoja, unapiga ya pili, unangoja, unapiga ya tatu. Usipoambiwa karibu baada ya hiyo, unakwenda zako na huna haki ya kununa. Hivyo tumelelewa sote, hata walevi wetu.

Sasa Sanga siku ile, hodi yake na mguu wake viliingia pamoja. Nilikuwa uani. Nilipogeuka nikamwona amekwisha fika pazia, na Batuli amelala ndani kichwa wazi kwa joto. Nikashika mchi wa kinu. Wallahi sikukusudia kumpiga, lakini yeye hakungoja kujua nilichokusudia. Alitoka na mkoba wake wa dawa, akapita barabarani kama mbuzi aliyeona kisu, na watoto nyuma yake. Habari ile ilifika Gongoni kabla ya magharibi. Wenzangu wa chumvini walinisimulia kesho yake, na mchi umekwisha kuwa panga.

Alirudi baada ya siku mbili. Akasimama mbali kabisa na mlango, akaita hodi kwa sauti ya mwadhini.

"Ingia, bwana," nikamwambia. "Unataka mji mzima ukukaribishe?"

"Mzee, nauliza kwanza: mchi uko wapi?"

Tukacheka, tukakaa barazani. Ndipo nikamweleza kuhusu jogoo, kwamba mke wangu ameruhusiwa na bado analia kwa maumivu, basi ni dawa gani itakayoyamaliza maradhi. Sanga akawa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

"Mzee Mahadhi," akasema, "ile saratani imeenea. Wale wakisema ameruhusiwa, mara nyingine wana maana kwamba wao ndio hawana la kufanya tena. Wanamrudisha mtu kwake akapumzike."

"Akapumzike mpaka lini?"

Akaniuliza kama chupa ya dawa ya maumivu, ile mofini ya kunywa, bado ina kitu. Nikamwambia imebaki ya siku nne.

"Basi hiyo isiishe," akasema. "Mengine yote Mungu anajua, lakini hiyo isiishe. Mimi siruhusiwi kuitoa. Anatoa daktari."

Nikampeleka Batuli kwa daktari. Nilitafuta gari zuri, nikalitandika godoro. Njia ya kutoka kwetu mpaka barabara kuu ina mashimo, na ukifika lami kuna matuta, na kila tuta lilimwingia mfupani. Hakupiga kelele. Aliuma pindo la leso, na tulipofika daraja la Sabaki nikaona kitambaa kimetoboka. Hospitalini huko Malindi, jina lake sitalitaja, wenyewe wanajijua, tukaambiwa kliniki ya maradhi yake imehamishiwa siku nyingine, tangazo limebandikwa ukutani. Ukuta wao na macho yangu havijuani.

Tulipovuka Sabaki tena kurudi, Batuli akatoa leso mdomoni. "Mahadhi," akasema. Hakuwa ananiita jina langu ila kwa jambo zito. "Usinipeleke tena. Hata kama ndiyo njia ya Peponi, mimi nitangoja nyumbani wao waje wanichukue. Niahidi."

Nikamwahidi. Na tangu hapo nikawa na kazi moja tu duniani: yeye haendi kwa daktari, basi daktari aje kwake. Niliona ni jambo dogo. Mambrui na Malindi si mbali. Watu huja kutoka Ulaya kutazama nguzo yetu ya kale na kurudi hotelini kabla ya chakula cha mchana.

Daktari Zayd alikuwa kijana wa Kibajuni, wazee wake watu wa visiwani waliohamia Malindi. Ndevu changa, sauti ya chini, mtu anayeinuka kitini mzee anapoingia. Ndiye aliyemtibu Batuli wodini. Nilikwenda peke yangu, nikamvizia mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Dawa imemwishia."

"Mlete nimwone, nimwandikie."

"Haletiki, mwanangu."

Akaniketisha. Akanieleza polepole, kama anayenitafunia. Dawa ile ni kali, ina sheria zake. Pale kwao haandikiwi mgonjwa mpaka daktari amwone kwa macho yake. Na yeye kumwona mgonjwa nje ya geti hana ruhusa. Hakuna barua, hakuna gari, na wodini wako madaktari wawili kwa vitanda arobaini.

"Kwani daktari naye amelazwa?" nikamuuliza. "Kwamba mpaka aruhusiwe?"

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Akatazama mlango, akasogea karibu. "Tutaona, mzee. Niachie mimi. Ila usilitaje jina langu kwa mtu."

Nilitoka pale nimevunjika. Huku kwetu Pwani, mtu akikwambia hapana, bado mnaweza kubishana. Akikwambia tutaona, amekunyima kwa adabu na hujui pa kumshikia. Mimi mwenyewe nimewaambia watu tutaona mara ngapi, na sikuona kitu.

Wiki ikapita. Batuli akawa analia kwa sauti nyembamba, bila kukoma, kama birika linalokaribia kuchemka. Tasneem alimkanda, akamsomea, akamwekea kitambaa cha baridi. Sanga alileta vidonge vya kichwa, akaviweka mkekani bila kutuangalia usoni.

Jumanne nikaamka, nikavaa kanzu yangu ya Idi, nikamwambia Batuli, "Leo nakwenda kwa mkubwa wao mwenyewe. Sirudi bila daktari."

"Usigombane," akasema.

"Sigombani."

"Unagombana na kuku, wewe."

Hayo ndiyo maneno aliyonisindikiza nayo.

Mkubwa wao, msimamizi wa hospitali, alikuwa Mangi. Wengi wakisikia mkubwa hudhani ni mtu wa kuja. Huyu ni wetu. Babake tulibeba chumvi pamoja, tukala muhogo mmoja, na Mangi mwenyewe nimemwona akiwa hajui kufunga vifungo vya suruali. Alinipa shikamoo kwa mikono miwili. Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma juu ya kichwa chake. Mezani hakuna kitu ila simu na kalamu iliyosimamishwa kwenye kishikio kama bendera. Pembeni karani alikuwa akipiga mashine.

Nilisema yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitalificha.

"Baba, ingekuwa ni mimi, ningekwenda mwenyewe," akasema. "Lakini ni utaratibu."

"Utaratibu ni mtoto wa nani? Niitie nizungumze naye."

Karani akainama kuficha meno. Mangi hakucheka. "Bima ya wafanyakazi wetu inaishia getini. Gari ni moja na limewekewa kina mama wanaojifungua. Daktari akitoka kivyake, akapata ajali pale Sabaki, atakayeulizwa ni mimi."

"Na Batuli akifa Mambrui, ataulizwa nani?"

Akaigeuza kalamu. "Mama yule hayumo kwenye orodha yetu tena, baba. Aliruhusiwa."

Neno lile tena. Nadhani aliona uso wangu, maana aliinua simu haraka. "Ngoja nimwite daktari wake hapa akueleze vizuri." Akapiga wodini. Akasikiliza. Akapiga mahali pengine. Akaweka simu chini, na sura yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeokota kitu njiani.

"Hayupo. Ametoka tangu saa tatu, hakumuaga mtu." Akanisogezea kiti. "Unaona, baba? Wewe umetoka Mambrui na jua hili kumtafuta, naye yuko matembezini. Hawa ndio wanaotuharibia jina. Andika malalamiko. Bila malalamiko ya mwananchi mimi mikono yangu imefungwa."

Nilikuwa na hasira ya wiki tatu. Hasira ni kama maji ya chumvi, hutafuta mguu wenye ufa. Utaratibu hauna uso na bima haina shingo, lakini kijana yule aliyeniambia tutaona alikuwa na vyote viwili. Nikasema na waandike.

Karani akaandika, akanisomea. Kulikuwa na maneno ambayo sikuyasema, lakini yalinipendeza: kwamba daktari hujificha wakati mgonjwa anapomhitaji. Akaniletea kibweta cha wino. Nikabonyeza dole gumba, nikalipachika chini ya maneno yale kwa nguvu, mpaka karani akasema, "Basi, mzee, limeshika."

Nikarudi nyumbani karibu na adhuhuri. Nilitembea kwa kifua. Kwa mara ya kwanza tangu yule jogoo nilihisi nimefanya jambo la mwanaume.

Batuli alikuwa macho, jasho limemjaa juu ya mdomo. Tasneem alikuwa uani, karibu tu na dirisha, anamimina maji kwenye pipa, ndio kwanza ametoka bombani.

"Umempata?" Batuli akaniuliza.

"Nimewakomesha."

"Sikuuliza hivyo." Akapumua. Ilimchukua muda kukusanya maneno mengine. "Kuna mtu alipiga hodi."

"Nani?"

"Simjui. Saa nne hivi, Tasneem hayupo. Akapiga hodi, nikasema karibu. Akangoja, akapiga ya pili. Nikasema karibu. Ya tatu nikajiinua kwa kiwiko, nikasema karibu kwa nguvu zangu zote, mpaka macho yakaniingia giza. Nikasikia viatu vinaondoka." Akafumba macho. "Sauti ya kijana aliyelelewa. Anapiga hodi kama anayeomba radhi. Ulikuwa unamngoja mtu?"

"Hapana," nikasema. Na wakati ule nilisema kweli.

Aliishi siku nyingine tisa. Sitazisimulia. Nitasema moja tu: siku ya saba aliniomba nimwimbie, mimi nisiyejua hata kuitikia maulidi bila kuwapotosha wenzangu. Nikamwimbia tuliyokuwa tukiimba zamani tukivuta majembe ya mbao juu ya chumvi, maneno machafu kidogo kuhusu nyapara na punda. Alinisikiliza, uso umemkunjamana. Kisha akasema, "Basi, Ng'onda. Bora maumivu." Tasneem akacheka, mimi nikacheka, yeye akajaribu.

Alikwenda Alhamisi, mchana kweupe, majirani wakianika nguo.

Huu ni mwaka wa tatu. Mimi bado nawalaumu wakubwa, na aliye na masikio Mambrui ameshachoka kunisikia. Juzi barazani walikuwa wakisikiliza redio, mtu mwenye sauti nzuri anasema siku hizi tiba itawafuata wananchi majumbani mwao. Nikawaambia watafute taarabu. Wakageuza stesheni bila kubishana, wakijua nikianza simalizi. Ukarimu wao huo unaniuma kuliko wangenibishia. Maana hawajui sehemu ya pili ya hadithi. Wanamjua Mangi, wanajua geti na bima na kliniki iliyohamishwa. Hawajui la dole.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya khitma, wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje, kahawa inazunguka. Nikamwona kijana amevaa kanzu nyeupe akivua viatu kwenye ukingo wa mkeka. Sikumtambua bila koti lake. Alinyoosha mikono, akasoma fatiha, akaja kuketi magoti kwa magoti nami.

"Mungu akupe subira, mzee."

"Amin. Wewe si Daktari Zayd?"

"Ndiye." Akangoja mtu wa kahawa apite. "Mimi ndiye niliyepiga hodi."

Nilimsikia, na sikumsikia. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, macho mkekani. Jumanne ile alimaliza kuzungukia wodi mapema, akakodi pikipiki, dawa iko mfukoni, fomu ameikunja kifuani ili aijaze akishamwona mgonjwa kwa macho. Hakumuaga mtu kwa sababu angeaga angezuiwa. Namba yangu ya simu ilikuwa kwenye faili, na faili la aliyeruhusiwa hufungiwa stoo. Alifika Mambrui, akauliza nyumba kwa Sanga na kumsihi asimwambie mtu kwamba amemwona.

"Sanga akanionyesha kwa mkono, akaniambia, 'Usiingie bila kukaribishwa, mwenyewe ana mchi.' Nikadhani ananitania." Akatabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Nikapiga hodi. Nilihisi kama kuna mtu ndani. Kama mtu anaugulia maumivu. Lakini karibu sikuisikia. Nikasema moyoni, mwanamke yuko peke yake, mwenyewe hayupo, nami ni mwanaume mgeni. Mamangu alinifunza hodi ya tatu ndiyo ya kurudi. Nikarudi."

Saa nne. Saa hiyo mimi nilikuwa naningʼinia kwenye gari kuelekea Malindi au nimekaa tayari chini ya kiyoyozi cha Mangi, sijui. Huenda yeye na mimi tulipishana pale pale Sabaki, kila mmoja ananuna kwamba gari la mbele haliendi.

"Nilikusudia kurudi Jumanne nyingine," akasema. "Lakini Ijumaa wakanipa barua. Nimehamishiwa ndani, upande wa Marafa. Kuna mtu alilalamika."

Kahawa yangu ilikuwa mkononi. Niliitazama. Wazee wawili upande wa kushoto walikuwa wakizungumza habari za mvua. Ningeweza kunyamaza, msiba una haki ya kunyamaza, hakuna angenishangaa.

"Lile dole ni langu," nikasema.

Hakuinua macho. "Najua, mzee. Karani alinionyesha."

"Na umekuja?"

"Nimekuja kukupa pole. Na kuuliza jambo moja." Alianza kufuatisha msuko wa mkeka kwa kidole, ukili mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na mikono misafi sana, ya kijana. "Wewe ulirudi mchana ule ukamkuta macho. Mama alinisikia?"

Nikaona anachokiuliza. Hakuwa akiuliza habari za masikio. Alitaka kujua kama mlango ule ulikuwa na mtu nyuma yake anayemwita. Kama siku tisa zile zilikuwa umbali wa pazia moja, hatua sita, ambazo asiye na adabu angezipiga bila kufikiri. Daktari mwingine yeyote, mtu wa kutoka popote asiyejua desturi zetu, angesukuma mlango. Sanga angesukuma mlango, kama si mchi wangu. Nilimwombea Batuli daktari kwa kila jina la Mungu ninalolijua, nikaletewa aliyelelewa vizuri kupita kiasi.

Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Nimewapa watu ukweli maishani mwangu bila kuwapima kama wanaweza kuubeba. Nimempa Mangi, nimewapa manyapara watatu, nimempa imamu. Na huyu alikuwa mmoja wao, mtu wa geti lile lile, na miaka arobaini mbele yake ya kupiga hodi kwenye milango ya watu.

"Alikuwa amelala," nikamwambia. "Ule usingizi wa mchana. Nilipofika ndio nilimwamsha mimi."

"Hakusikia?"

"Hakusikia kitu, mwanangu."

Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akasema alhamdulillahi, mara mbili. Kisha akainua kikombe chake, akanywa kahawa iliyokwisha poa, akaniuliza njia ya kwenda Marafa siku hizi ikoje mvua ikinyesha. Nikaanza kumweleza.

Nyuma ya dirisha, ndani, Tasneem alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia. Nilisikia vikinyamaza. Kisha, baada ya muda, vikaanza tena.